IJUE NCHI YAKO: Toka Gakoromone hata Hifadhi ya Meru

Wahenga walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Lakini aendaye bila mwongozi mara nyingi huokota vumbi tu. Jambo hili ladhihirika katika safari ya siku mbili ianziayo Gakoromone, soko la mji wa Meru, ambako kikundi cha watu chaweza kukodi motokaa moja na kugawana gharama.

Kituo cha kwanza ni Nchiru, katika njia iendayo Maua. Hapo ipo nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee lililokata mashauri na kuwatungia Wameru sheria tangu kabla ya kuja kwa Wazungu. Apitaye mbio huona nyumba na miti, basi. Aliye na mwongozi huambiwa kwamba wazee hao ndio waliotoa ardhi mwaka 1983 ili chuo kijengwe, na kwamba chuo hicho kikawa chuo kikuu mwaka 2013. Tena, mahali hapo ni pa heshima, wala hapaingiwi bila idhini. Kwa hiyo mwongozi mwema hupeleka habari mapema, na huwaonya vijana wasipige picha kabla ya kuruhusiwa.

Nchiru ndipo panapofaa kusimuliwa habari za Mbwaa. Wazee husimulia kwamba Wameru waliishi zamani katika kisiwa cha pwani, wakitumikishwa na watu waitwao Nguuntune, yaani wenye nguo nyekundu. Kiongozi wao, Koomenjue, aliyapiga maji kwa fimbo, nayo yakatengana. Waliovuka usiku wakaitwa weusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka mchana weupe. Na mgawanyo huo wa koo wakumbukwa hata leo. Mtaalamu Jeffrey Fadiman, aliyeandika mapisimulizi ya wazee hao, alidhani kwamba kisiwa hicho ni Manda, karibu na Lamu, ambako yapo magofu ya mji wa zaidi ya miaka elfu moja.

Kutoka Nchiru njia hupanda milima ya Nyambene, iliyotokana na moto wa chini ya ardhi. Huku ni baridi, na mashamba ya chai na miraa yamefunika miteremko. Baada ya Maua njia huteremka hata tambarare yenye joto, penye mito mingi na mikoche. Hiyo ndiyo Hifadhi ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, yenye eneo la kilomita za mraba 870. Ndimo alimozikwa Elsa, simba aliyelelewa na George na Joy Adamson, akafa mwaka 1961.

Hapa pia mwongozi ana kazi. Mwaka 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi, na kwa miaka kadhaa wageni wakaiogopa hifadhi. Baadaye vifaru wengine waliletwa na kutiwa ndani ya boma lenye ulinzi mkali. Asiyeambiwa habari hiyo humwona kifaru akila majani. Aliyeambiwa huona mali iliyopotea ikarudishwa kwa taabu.

Basi wanaotaka kusafiri na wachague mwongozi mwenyeji, ajuaye Kimeru na majina ya vilima na mito. Wachukue daftari, na mmoja wao aandike maneno ya wazee pamoja na jina la kila mahali. Nyumba ikibomoka yaweza kujengwa tena, na kifaru aweza kuletwa kutoka kwingine. Bali mzee ajuaye habari za Mbwaa akifa kabla hajaulizwa, hakuna soko ziuzwapo habari zake, hata Gakoromone.