Mtoto Akiugua Ndo Kosa Lake? Tuongee Kuhusu NHIF

 

Mwaka 2024 nilirudi nyumbani Likombe, Mtwara, kwa likizo fupi ya chuo. Ukisoma sheria mtaani kwetu usitegemee kupumzika. Jirani anakuletea ugomvi wa mpaka wa kiwanja, mjomba anakuletea karatasi ya malipo ya korosho kutoka AMCOS umsomee makato. Jioni moja akaja mama mmoja anayekaanga samaki, yeye hununua mzigo Feri asubuhi na kukaangia barazani kwake. Hakuwa na kesi, alikuwa na swali tu: "Mwanangu, hivi ile kadi ya watoto ya elfu hamsini inarudi lini?"

Sikuwa na jibu. Wenye jibu walikuwa Dodoma, na hawakuwa wamemwambia tarehe.

Tukumbushane kwanza. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto wa chini ya miaka 18. Gawanya kwa miezi 12 unapata 4,200 kwa mwezi. Mama wa samaki anaziweza hizo. Anaweka kwenye kibubu, anacheza kijumbe na wenzake, mwisho wa siku mtoto ana kadi. Machi 2023 NHIF ikasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Wazazi wakaambiwa wapitie shuleni au waingie kwenye vifurushi vya familia. Ukienda kwenye vifurushi vile vya Najali, Wekeza na Timiza, bei ilianzia 192,000 kwa kijana mmoja asiye na mke wala mtoto. Ukiongeza mwenza na watoto, inapanda. Kutoka 50,400 mpaka huko! Yaani umemwondolea mtu ngazi halafu unamwambia karibu ghorofani.

Hoja ya Mfuko ilikuwa kwamba wazazi wanasubiri mtoto augue ndo wanakimbilia kumkatia kadi. Wanaochangia wanakuwa wachache, karibu wote ni wagonjwa, na Mfuko unalipa kuliko unavyopokea.

Nitasema ukweli hata kama baadhi yenu hamtaupenda. Hoja hiyo si ya uongo. Bima yoyote ya hiari inakutana na tatizo hilo, hapa na kwingine duniani. Bima ni kapu, wazima wanamchangia mgonjwa, na kila mmoja anajua zamu yake ipo. Kapu likibaki na wagonjwa peke yao, linatoboka.

Lakini dawa ya kapu la namna hiyo inajulikana. Unaongeza wachangiaji, unaingiza watoto wote, wazima kwa wagonjwa, na asiye na uwezo Serikali inamchangia. Rwanda, nchi ndogo kuliko sisi, imeingiza zaidi ya asilimia 80 ya watu wake kwenye bima, na kaya masikini zinalipiwa. Sisi tulikuwa tunazungumzia takriban asilimia 15 ya Watanzania wenye bima ya aina yoyote. Na katika hali hiyo tulichoona kinafaa ni kuwatoa watoto. Eti kwa sababu wanaumwa! Sasa bima ya afya ni ya nani kama si ya anayeumwa?

Watasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Ndiyo, sera inasema hivyo. Lakini mtoto wa miaka sita mwenye selimundu, ugonjwa tunaoujua vizuri sisi watu wa pwani, sera hiyo haimhusu. Wa miaka tisa mwenye kisukari haimhusu. Na hata huyo wa miaka mitatu, bure yake inaishia pale daktari anapoandika dawa ambayo dirishani haipo.

Watasema tena, mwaka 2024 kulikuwa na CHF iliyoboreshwa, 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kilikuwa kitu kizuri, siibezi. Ila mafao yake yalikuwa finyu na yalifungwa kwenye vituo vya umma. Tena wazazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu ndio walioifuata ile kadi nyingine, maana ilifika mpaka hospitali kubwa.

Hapa kwetu tunayo Kituo cha Afya Likombe, tunayo Ligula, na Septemba 2023 Rais alikuja kuzindua Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Jengo zuri, na sisi ndo tuliolilia kwa miaka. Lakini hospitali ya kanda bila bima ni sawa na kujengewa nyumba halafu funguo ikabaki kwa fundi.

SASA TUULIZANE, KAPU LILITOBOLEWA NA NANI?

Mwaka 2022 Waziri wa Afya, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alisema hadharani kwamba hali ya Mfuko ni mbaya. Akataja magonjwa yasiyoambukiza, akataja udanganyifu. Sawa, udanganyifu upo. Kuna wanachama wanaoazimana kadi, na kuna vituo vinavyodai malipo ya huduma ambayo haikutolewa. Hao washtakiwe, tena haraka.

Lakini kuna kurasa nyingine ambazo haziingii kwenye hotuba. Ripoti za CAG zimeeleza zaidi ya mara moja kwamba NHIF imeikopesha Serikali na taasisi zake mabilioni ya shilingi kwa miradi, na madeni hayo yamekaa bila kulipwa kwa wakati. Hizo si fedha za Serikali. Mwalimu wa Nanyamba na nesi wa Ligula wanakatwa asilimia 3 ya mshahara kila mwezi, mwajiri anaweka nyingine 3. Zimekatwa kwa ajili ya kutibiwa.

Kwa hiyo mkopaji mkubwa hakuwa amelipa, na wa kwanza kuambiwa atoke nje alikuwa mtoto wa elfu hamsini. Mtaani kwetu mtu akikopa kwenye kikoba asirudishe, hatumfukuzi mwanachama mwenye hisa ndogo. Tunamfuata aliyekopa.

Halafu ikaja tarehe 1 Machi 2024. NHIF ikaanza kutumia kitita kipya cha mafao na bei mpya kwa vituo. Kilikuwa kianze Januari, kikaahirishwa, kamati ikaundwa, mapendekezo yakatoka. Chama cha wamiliki wa hospitali binafsi, APHFTA, kikasema bei hizo haziendesheki, na hospitali binafsi kadhaa zikagoma kuhudumia wenye kadi za NHIF. Mtu amekatwa mshahara miaka 20, anafika mapokezi anaambiwa alipe taslimu. Baadaye wakarudi mezani, milango ikaanza kufunguliwa. Watu wengi wakashukuru Mungu, wakanyamaza.

Mimi sinyamazi. Sina hamu ya kuwatetea wenye hospitali, wale ni wafanyabiashara na wana hesabu zao. Na Mfuko una haki ya kukataa bei za kuruka. Nisichokubali ni ugomvi wa bei kati ya pande mbili, halafu mgonjwa ndiye anawekwa katikati kama ngao. Mwenye fedha ni mwanachama. Kwenye ule mvutano sauti yake ilikuwa wapi? Tulisikia Wizara, tukasikia Mfuko, tukasikia wamiliki. Mgonjwa tulimsikia akiwa benchi, na bahasha yake ya vipimo mapajani.

SHERIA INASEMAJE?

Mniruhusu kidogo, ndo ada yangu ya chuo inakwenda huko.

Ibara ya 11 ya Katiba yetu inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kutekeleza haki ya mtu kupata msaada kutoka kwa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Mara ya kwanza kuisoma nilifurahi. Kisha mwalimu akaturudisha Ibara ya 7(2), inayosema masharti ya sehemu hiyo hayatiliwi nguvu na mahakama yoyote. Kwa lugha ya barazani, umeahidiwa, lakini usimdai aliyeahidi.

Ibara ya 14, haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii, hiyo mahakamani inafika. Ila mwaka 2020 Bunge likarekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu, na sasa anayefungua shauri lazima aape kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Mimi ninayejua njia ya Mahakama Kuu sina mtoto mgonjwa. Mwenye mtoto mgonjwa yuko kwenye karai la samaki. Sheria imetutenganisha.

Na huyohuyo mama, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamwambia ni wajibu wake kumpatia mtoto matibabu. Mzazi ana wajibu ulioandikwa na adhabu yake. Dola ina ahadi isiyodaiwa.

Angalieni jirani. Kenya walipoleta sheria yao mpya ya bima ya afya, wananchi walikwenda Mahakama Kuu, na Novemba 2023 ikasimamishwa kwa muda. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikaruhusu utekelezaji. Hujalazimika kukubaliana na upande wowote, ila angalau pale mwananchi wa kawaida anaweza kuiambia Serikali "ngoja kwanza, tujadili", na jaji akasikiliza.

Novemba 2023 Bunge letu nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Msisahau safari yake. Muswada wa 2022 ulikuja na mchango uliotajwa kuwa 340,000 kwa kaya ya watu sita, pamoja na vifungu vya kumbana mtu asiye na bima kwenye huduma kama leseni ya udereva. Watu walipiga kelele, wakaurudisha. Kwa hiyo kelele zinafanya kazi, kumbukeni hilo. Sheria ilikuwepo, lakini mwaka 2024 mama wa Likombe alikuwa bado anauliza kadi inarudi lini.

TUNATAKA NINI?

Moja, mwaka 2024 tulitaka usajili wa mtoto mmoja mmoja urudishwe, mpaka siku sheria mpya itakapoanza kufanya kazi kweli. Huwezi kubomoa daraja la miti kabla la zege halijakauka.

Mbili, Serikali iweke hadharani orodha ya madeni yake kwa NHIF na tarehe ya kulipa kila deni.

Tatu, bei na mafao yasibadilishwe bila wanachama na wagonjwa kuwa mezani.

Nne, chanzo cha kuwachangia wasio na uwezo kitajwe kwa jina. Mtwara inatoa gesi Mnazi Bay, inatoa korosho, na ushuru wa korosho inayosafirishwa nje tunajua ulikoenda 2018. Msituambie hakuna.

Tano, bima ya afya iunganishwe na hifadhi ya jamii kwa kila Mtanzania, mkulima na mvuvi kama mtumishi, jambo ambalo chama chetu kimelisimamia. Na Katiba Mpya iifanye afya kuwa haki inayodaiwa mahakamani.

Mwaka 2024 ulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa. Mgombea akija kijiweni na fulana, kabla hujaipokea muulize mtaani kwake kuna kaya ngapi zisizo na bima, na anataka kufanya nini. Akishindwa kujibu, andika jina lake.

Mimi kesho yake nilipita barazani kwa yule mama. Jibu bado sikuwa nalo, ila nilimwomba tuandike barua kwa mbunge, yeye aseme, mimi niandike. Alishaniambia alikuwa na wenzake sita wenye swali hilohilo. Na wewe mtaani kwako, anza na mmoja.