Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

YAH: RUTA KUANDIKWA TAREHE YA MWISHO

Nina steshenari hapa Mwanhuzi, wilayani Meatu. Natoa kopi, nawajazia vijana maombi ya ajira na mikopo ya chuo. Vyeti na namba zao za NIDA hupita kwenye ruta moja iliyo juu ya kabati, ambayo huguswa tu siku intaneti ikigoma.

Nimesoma habari za ruta ya TP-Link Archer AX21. Desemba 2022, kwenye mashindano ya udukuzi mjini Toronto, ilionekana kuwa sehemu ya kuchagulia nchi ina tundu: chochote kilichoandikwa pale, ruta ilikipokea kama amri na kukitekeleza, wala haikudai nywila. Ni kama umemtuma mtoto dukani na kikaratasi cha sukari nusu kilo, njiani mtu akaongeza mstari, "mpe na ufunguo wa stoo", na muuzaji akatoa vyote. Kiwanda kilitoa dawa Machi 2023. Aprili, kirusi cha Mirai kilikuwa tayari kinaziteka zile ambazo hazijatibiwa.

Dawa ilikuwepo, basi. Lakini ruta haiendi hospitali yenyewe, na mteja wangu hajui hata kama inaumwa. Kuna zisizotibika kabisa: mwaka 2025 Zyxel ilisema ruta zake kadhaa za zamani, zenye tundu la aina hiihii, hazitarekebishwa, wenye nazo wanunue mpya. Sisi wavaa mitumba tunajua vya zamani huishia kwa nani.

Juni 2016 mlizima simu bandia. Tulilalamika, lakini mpaka wazee vijijini walijua kubonyeza *#06# kukagua simu zao. Nguvu ile ile ninaiomba hapa. Kifaa mnachokiidhinisha kiandikwe kwenye boksi, kwa Kiswahili, siku ambayo kiwanda kitaacha kukirekebisha. Uingereza imewabana watengenezaji kutaja muda huo tangu Aprili 29, 2024. Na kampuni inayomfungia mtu ruta ndiyo iisasishe, usiku watu wamelala, isimwachie mama muuza vitenge.

Maziwa ya boksi duka la jirani yana tarehe. Leo nimeipindua ruta yangu, nikafuta vumbi: kuna namba ya kiwanda, kuna nywila iliyochapwa, kuna picha ya pipa la taka lililopigwa mkasi. Tarehe hakuna.

Wako,
Mwenye steshenari,
Mwanhuzi, Simiyu.