Majina ya nyuma ya jalada yasifutwe

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenye makampuni ya santuri wa Ulaya na Marekani hawakuikubali methali hiyo hata siku moja. Kwao, kizuri na kibaya vyote sharti vivishwe nguo kabla ya kupelekwa sokoni. Nguo ya santuri ni jalada lake, na tangu miaka ya 1940 nguo hiyo imeshonwa kwa kanuni ambazo wapenzi wa muziki wa roki, na hasa wa ule mkali uitwao metali, wanazijua kwa ghaibu.

Wako wanaoliona jalada kuwa ni pambo tu, jambo la vijana wasio na shughuli. Wako pia, hasa miongoni mwa wazazi na walimu, wanaotazama mafuvu na mazimwi ya bendi za metali wakahitimisha kwamba huo ni upotovu na mjadala umekwisha. Fikira zote mbili zinapitwa na jambo kubwa zaidi. Jalada lina pande mbili. Upande wa mbele ni wa muuzaji, na kazi yake ni kumwita mnunuzi. Upande wa nyuma ni wa mfanyakazi, na kazi yake ni kushuhudia: nani alipiga gitaa, nani alipiga ngoma, nani alisimamia mitambo, nani alichora picha. Katika zama hizi za kusikiliza muziki kwa simu ya mkononi, upande wa mbele umebaki, japo umefinywa ukawa mdogo kama stempu ya barua. Upande wa nyuma unatoweka. Hilo ndilo linalostahili kujadiliwa.

Yafaa kwanza kukumbuka mambo yalivyoanza. Kabla ya vita vikuu vya pili, sahani za santuri kwa kawaida ziliuzwa katika mifuko ya karatasi isiyokuwa na picha yoyote. Muziki mrefu usioenea katika sahani moja uligawanywa katika sahani kadhaa, nazo zikatiwa pamoja ndani ya kitabu kilichofanana na kile cha kuhifadhia picha za jamaa. Hiyo ndiyo asili ya neno albamu. Mwaka wa 1940 kijana mmoja wa Marekani, Alex Steinweiss, aliyekuwa mkuu wa uchoraji katika kampuni ya Columbia, aliwashawishi wakubwa wake waziweke picha za rangi juu ya majalada hayo. Wakubwa walisita kwa sababu ya gharama, lakini mauzo yalipopanda kusita kukaisha. Mwaka wa 1948 kampuni hiyo hiyo ilitoa sahani ya muda mrefu yenye upana wa inchi 12. Mfuko wake wa kadi ngumu, wenye pembe nne zilizo sawa, ukawa uwanja mpana wa mchoraji.

Tangu hapo kila kanuni ilizaliwa na haja ya biashara. Jina la bendi liliandikwa juu kwa sababu dukani sahani zilisimamishwa wima ndani ya masanduku, na mnunuzi aliyekuwa akipekua kwa vidole aliona ncha ya juu tu. Jina liliandikwa tena kwenye ukingo mwembamba ili sahani itambulike ikiwa rafuni. Hata sahani ndogo za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 1982, zilitiwa huko Marekani katika maboksi marefu ya kadi ili zikae katika masanduku yale yale ya zamani. Mnunuzi alilipia boksi ambalo alilitupa mara afikapo nyumbani, mpaka makampuni yalipoliacha mwaka wa 1993.

Bendi za roki zilipokomaa zilianza kuzivunja kanuni hizo. Mwaka wa 1967 The Beatles walitoa albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band katika jalada linalofunguka kama kitabu, na maneno ya nyimbo yakachapwa upande wa nyuma. Msikilizaji akawa pia msomaji. Mwaka wa 1970 Pink Floyd waliweka ng'ombe malishoni katika uso wa albamu yao, pasi na jina la bendi wala la albamu. Mwaka uliofuata Led Zeppelin walifanya vivyo hivyo kwa picha ya mzee aliyebeba mzigo wa kuni mgongoni. Lakini isisahauliwe kwamba bendi hizo zilikuwa tayari zinajulikana. Mwenye jina ndiye anayeweza kulificha. Asiye nalo hulitafutia herufi kubwa.

Muziki wa metali ulishika njia nyingine. Kama vile khanga isivyokuwa khanga bila pindo, mji na jina, ndivyo jalada la metali lisivyokamilika bila nembo ya herufi zilizochongoka, picha ya kutisha na rangi ya giza. Iron Maiden wa Uingereza wamemweka zimwi wao Eddie, aliyechorwa na Derek Riggs, katika jalada lao la kwanza la mwaka wa 1980, naye hajaondoka tangu siku hiyo. Baadaye makundi ya metali kali zaidi yalichora nembo zilizosukwa kama mizizi na matawi ya miti, hata mgeni asiweze kuzisoma. Mbelgiji Christophe Szpajdel, mtaalamu aliyesomea misitu, amechora nembo za namna hiyo kwa bendi nyingi mno, ikiwamo Emperor ya Norway. Asiyejua hudhani ni uzembe wa mwandiko. Kumbe ni lugha ya wenyewe kwa wenyewe: anayeisoma ni mmoja wao, na asiyeisoma ameambiwa kwa adabu kwamba hapa si kwake.

Katika habari hii Zanzibar nayo ina fungu lake. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1946 na kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury, alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, London, kabla ya kuwa mwimbaji wa Queen. Nembo ya bendi hiyo aliibuni yeye mwenyewe: simba wawili, kaa mmoja na vibinti wawili wenye mabawa, kufuatana na nyota za kuzaliwa za wanamuziki wanne, na juu yao ndege mkubwa. Mwaka wa 1975 nembo hiyo ilipamba jalada jeupe la A Night at the Opera. Yeye alikuwa na bahati ya kuwa mchoraji na mwenye mali kwa wakati mmoja. Wengi hawakuipata bahati hiyo.

Mathalan, mwaka wa 1970 mwanafunzi wa sanaa wa London, John Pasche, aliichorea The Rolling Stones nembo ya midomo na ulimi. Alilipwa pauni 50. Nembo hiyo ilitokea katika albamu ya mwaka wa 1971, ikaenea katika fulana na mabango ya dunia nzima, na mwaka wa 2008 jumba la makumbusho la Victoria and Albert liliununua mchoro wake wa asili kwa dola 92,500. Barry Godber, aliyechora ule uso unaopiga ukelele katika albamu ya kwanza ya King Crimson ya mwaka wa 1969, hakuwa mchoraji wa kulipwa mshahara bali mtaalamu wa programu za kompyuta. Alifariki mwezi Februari mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 24. Kama jina lake halikuandikwa, nani angalimkumbuka leo?

Jibu la swali hilo limo katika jalada jingine. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Februari 1970 na kuhesabiwa na wengi kuwa chimbuko la metali, ina picha ya mwanamke aliyevaa vazi jeusi mbele ya kinu cha maji cha Mapledurham, Uingereza. Mpiga picha, Keith Macmillan, alitajwa kwa jina lake la kazi. Mwanamke hakutajwa. Kwa miaka 50 mamilioni ya watu waliutazama uso wake wakamzulia hadithi, wengine wakamwita mchawi, wengine mzuka. Ilipofika mwaka wa 2020 ndipo Louisa Livingstone alipojulikana na kuhojiwa na waandishi. Mtu aliyesimama katika baridi ya alfajiri kufanya kazi yake aligeuzwa kuwa jini kwa kukosa mstari mmoja wa maandishi.

Mtu atauliza: je, majina hayo hayapatikani katika intaneti? Yanapatikana, kwa ajuaye kuyatafuta. Lakini hati ya umiliki haifungiwi kabati la jirani kisha mwenye nyumba akaambiwa aende akaitafute. Jina la mfanyakazi lilikuwa limebandikwa katika kazi yenyewe, na aliyeipokea kazi alilipokea na jina. Kutenganisha vitu hivyo viwili ni kumfanya mfanyakazi awe suala la hiari.

Wengine watasema nafasi haitoshi katika kioo cha simu. Hoja hiyo haisimami. Mwaka wa 1985 wake wa wanasiasa wa Marekani, wakiongozwa na Tipper Gore, walidai albamu zenye maneno machafu ziwekewe onyo. Shauri lilifika mbele ya kamati ya baraza la Seneti, na Dee Snider wa bendi ya Twisted Sister akaenda kujitetea. Kufikia mwaka wa 1990 makampuni yalikuwa yamekubali bango moja la onyo, la rangi nyeusi na nyeupe. Jalada lilipofinywa, onyo halikupotea: liligeuzwa kuwa herufi moja ndogo kando ya jina la wimbo. Nafasi ya kumwonya mzazi ilipatikana. Mwaka wa 2018 kampuni ya Spotify ilianza kuonyesha majina ya watunzi na watayarishaji, jambo linalothibitisha kwamba nafasi haikukosekana hata kwa wafanyakazi. Lakini mchoraji na mpiga picha wa jalada, ambao kazi yao ndiyo inayotazamwa kila wimbo unapofunguliwa, mara nyingi bado wamo gizani.

Ni kweli kwamba sahani kubwa zimerudi. Mwaka wa 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1987, ziliuzwa nchini Marekani kwa wingi kuliko CD: milioni 41 dhidi ya milioni 33. Wapenzi wa metali ni miongoni mwa wanunuzi hao, nao hutaka jalada la kufungua, mfuko wa ndani wenye maneno ya nyimbo, na orodha ya majina. Habari hiyo inafurahisha, lakini ina mwiba ndani yake. Sahani hizo ni ghali. Maana yake ni kwamba mwenye fedha anapata picha kamili na majina ya waliofanya kazi, ilhali asiye nazo anapata stempu. Ujuzi wa nani amefanya nini umegeuzwa kuwa anasa.

Hapana anayedai kadi na gundi zirudishwe kwa nguvu, wala maboksi marefu yaliyotupwa mwaka wa 1993. Kinachodaiwa ni kidogo na ni cha haki: kila picha ya jalada isafiri pamoja na jina la aliyeifanya na la aliyemo ndani yake ikiwa ameridhia, mahali panapoonekana, bila ada ya ziada. Derek Riggs alikuwa akificha alama yake ndogo ndani ya michoro ya Eddie, na vijana waliikodolea macho jalada zima kuitafuta. Katika picha yenye ukubwa wa stempu alama hiyo haionekani tena.

Karani hapokei barua isiyo na sahihi, na mwalimu hafundishi shairi bila kumtaja mshairi. Si heshima kwa mwenye kazi tu. Ni njia pekee ya kujua wa kumdai kazi ikiharibika, na wa kumlipa inapofanikiwa. Kanuni inayotosha kwa barua ya ofisini haiwezi kuwa nzito mno kwa makampuni yanayouza muziki wa dunia nzima.