Utafiti wa Elimu Uwafikie Walio Dawati la Nyuma

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu hapa Uganda huwatunuku wasomi shahada za uzamili na uzamivu katika fani ya elimu. Kabla ya kuvaa joho, kila mwenye shahada ya uzamivu hutakiwa kuandika tasnifu, na wengi wa wenye uzamili huandika pia. Wengine huchunguza namna walimu wanavyofundisha, na wengine huuliza kwa nini mtoto wa maskini huachwa nyuma. Kazi hizo hutiwa majalada mazuri, hupangwa katika rafu za maktaba, na mara nyingi safari yake huishia hapo. Sisi tunaona kwamba hasara hiyo haiwapati wasomi peke yao. Inampata pia askari aliye lindoni mpakani, ambaye mtoto wake amefika darasa la nne na bado hawezi kusoma barua ya baba yake.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: Tasnifu inamhusu nini mtu wa bunduki au mtu wa kituo cha polisi? Jibu wanalo wenyewe. Mkufunzi wa kwata hawezi kujisifu kwamba platuni yake imeiva kwa sababu makuruta watano wa mstari wa mbele wanageuka vizuri. Afande anapokagua gwaride, jicho lake humtafuta yule anayekosea hatua, na siku ya mapambano adui naye hupenya hapo hapo. Darasa ni hivyo hivyo. Mafundisho yanayowafaa wanafunzi wachache wa mbele hayajalifaa taifa.

Elimu ya msingi bila karo ilipoanza nchini mwaka 1997, idadi ya watoto shuleni ilipanda kutoka kama milioni 3 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 5. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na watoto wengi wa askari wa vyeo vya chini walipata nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata. Lakini kuingia darasani na kufundishwa ni mambo mawili tofauti. Mwalimu mmoja aliyezungukwa na watoto mia moja huwasemesha wale wanaomjibu, na wasiojibu hubaki wakitazama ubao.

Utafiti uliofanyika kwa jirani zetu wa Busia, upande wa Kenya, ulilionyesha jambo hili waziwazi. Kuanzia mwaka 1996 shule 25, zilizochaguliwa kwa kura kati ya shule 100, zilipewa vitabu vya kiada bure. Watu wengi wangetarajia kwamba alama za wote zingepanda. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009 na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, yalikuwa kinyume: alama za wastani hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto hao kilikuwa lugha ya tatu, na mtaala wenyewe ulimlenga aliyekwisha kutangulia. Kwa hiyo kila mtoto aligawiwa sawa, na bado aliyeachwa nyuma akazidi kuachwa.

Hapo ndipo penye kiini cha maoni yetu. Kugawa sawasawa ni rahisi, kwa kuwa karani aweza kuhesabu vitabu na madawati akamaliza kazi yake. Haki katika elimu ni jambo zito zaidi: kila mtoto aanzie pale alipo, afundishwe kwa lugha anayoielewa, na mwalimu wake apewe ujuzi wa kumfikisha mbele. Mambo hayo hayaonekani katika daftari la ghala. Huonekana tu pale mtu aliyefunzwa kuchunguza anapoketi darasani, akasikiliza na kupima.

Hapa kwetu Uganda tunao mfano wa uchunguzi wa namna hiyo. Katika eneo la Lango, mpango mmoja ulianza kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa Kilango. Walimu walipewa mafunzo ya kina, vitabu na miongozo, na wakatembelewa mara kwa mara madarasani. Mwaka 2013 mpango huo ulipimwa katika shule 38, na miongoni mwa waliousimamia utafiti alikuwamo Jason Kerwin, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Marekani, pamoja na Rebecca Thornton. Pale mpango ulipotekelezwa kikamilifu, watoto walipiga hatua kubwa katika kusoma na kuandika. Pale ulipopunguzwa ili gharama ishuke, maendeleo ya kusoma hayakuwa ya kutegemewa, na katika uandishi wa ngazi ya juu kidogo watoto walifanya vibaya kuliko wenzao ambao hawakuguswa na mpango wowote.

Askari wataielewa habari hii upesi kuliko watu wengi. Mafunzo ya nusu nusu yaweza kuwa hatari kuliko kutokuwa na mafunzo. Wale wanaosema kwamba fedha hazitoshi, basi tufanye kidogo kidogo, wanapaswa kujibu kwanza swali hili: kidogo kipi chaweza kuachwa bila kuwaharibu watoto? Swali hilo halijibiwi kwa kukisia.

Na liko jambo linalowagusa askari kwa namna ya pekee. Tangu mwaka 2007 mtaala wetu unataka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali walipo, ingawa shule zenye mchanganyiko wa lugha huruhusiwa kutumia Kiingereza. Utaratibu huo ni mwema kwa mtoto wa mkulima asiyehama. Je, mtoto wa koplo aliyeanza kusoma kwa Kilango mjini Lira, kisha baba akahamishiwa Mbarara kati ya mwaka, afanyeje? Amri ya uhamisho haingoji muhula umalizike. Lakini katika kambi na katika nyumba za polisi kila pembe ya nchi, Kiswahili kipo. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vikuu viwaelekeze baadhi ya wanafunzi wa shahada za juu kwenye shule za kambini, wapime kwa makini kama Kiswahili katika madarasa ya mwanzo kitamsaidia mtoto anayehama. Pili, kila tasnifu inayohusu ufundishaji iandikiwe muhtasari wa kurasa chache, kwa lugha nyepesi, upelekwe katika vyuo vya ualimu na katika shule zilizochunguzwa. Mwalimu aliyefungua mlango wa darasa lake ana haki ya kujua kilichoonekana ndani. Tatu, askari walio wazazi wasiridhike na ripoti ya mahudhurio. Wafikapo likizo, wampe mtoto ukurasa mmoja asome, kisha waende kwa mwalimu kwa adabu na kuuliza anafundishwaje.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Mtoto asiyejua kusoma leo ndiye raia ambaye kesho atatakiwa kufahamu sheria, na huenda ndiye kuruta atakayekabidhiwa silaha. Anayelinda mipaka ya nchi anastahili kujua kwamba mtoto wake, hata akiketi dawati la nyuma, naye amehesabiwa.