Mwenzako akinyolewa, zako tia maji: wembe, ndevu na sisi walimu watarajiwa

Mlimani, Jumapili usiku.

Ndugu msomaji, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Wanaonifahamu wanajua nilikuwa wapi: mazoezi ya kufundisha, yale tunayoyaita BTP. Nimerudi salama, sauti imekauka kwa vumbi la chaki, lakini kuna jambo nimerudi nalo na limekataa kutoka kichwani. Ni jambo la ndevu. Usicheke kwanza, nisikilize.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya pili, asubuhi, mstarini. Mwalimu wa nidhamu aliwatoa mbele wavulana kumi na mmoja wa kidato cha tatu na cha nne waliokuwa na ndevu. Mimi, mwalimu wa mazoezi, nikakabidhiwa kazi ya kuwasimamia. "Hakikisha wako safi kabla ya kipindi cha kwanza," akaniambia. Wembe ulikuwa mmoja. Maji hakuna, sabuni hakuna. Wakajipanga nyuma ya vyoo, wakawa wanapokezana. Na mimi nimesimama pale, mkono nyuma, najiona mwalimu kweli kweli.

Wa saba alijikata chini ya kidevu. Akajifuta damu kwa mkono wa shati, akampa mwenzake wembe. Yule wa nane akaushika, akanitazama: "Mwalimu, na mimi nitumie huuhuu?"

Nikamjibu: "Fanya haraka, kengele inakaribia."

Hayo ndiyo maneno niliyoyasema. Sikulazimishwa na mtu.

Nitarudi kwenye habari ya wale vijana. Kwanza nikueleze kwa nini mimi, kuliko wote pale, nilitakiwa kujua.

Shingo yangu mwenyewe

Nilipoingia mwaka wa kwanza shingo yangu ilikuwa kama ganda la fenesi. Vipele vigumu, vyenye usaha, vikipona vinaacha makovu meusi. Nilikuwa nanunua zile mashine za plastiki za kutupa, natumia moja mwezi mzima, nanyoa usiku kavu kwa sababu maji hosteli yamekatika, nakandamiza mpaka ngozi ing'ae. Vipele vikizidi, najipaka spiriti. Vikizidi tena, nanyoa zaidi ili "kuvikata". Nilijaribu hata ile poda ya kunyonyolea ndevu inayonuka kama yai viza. Ilinibabua siku ya kwanza kwa sababu niliiacha usoni kupita muda ulioandikwa. Washkaji wakasema ni chunusi za ujana. Wengine eti damu chafu.

Damu haikuwa na kosa lolote. Tatizo hili kitaalamu linaitwa pseudofolliculitis barbae, na linatupata sana sisi wenye nywele za kipilipili. Nywele yetu inaota imejipinda tangu ndani ya ngozi. Ukiikata karibu mno, ncha yake inabaki imechongoka kama mwiba. Ikianza kukua inajikunja na kuichoma ngozi ya jirani, au inatoboa pembeni kabla hata haijatoka nje. Mwili ukiikuta humo unaichukulia kama mwiba wowote ule: unavimba, unatunga usaha. Kwa hiyo kila nilipokuwa nanyoa "kuvikata" vile vipele, nilikuwa napanda vingine.

Babu na kikombe chake

Likizo ile nilikwenda Tanga. Babu aliniangalia shingo, hakuniuliza kitu. Asubuhi akaniita uani. Amekaa kwenye kigoda na kikombe cha maji ya moto, brashi, kipande cha sabuni na mashine yake ya chuma, ile ya kufungua kwa kuzungusha mpini na kuweka wembe wa pande mbili.

"Mwenzako akinyolewa?" akaniuliza.

"Zako tia maji, babu."

"Sasa wewe mbona hutii?"

Jamani, methali hii nimeifundisha, nimeitungia hata swali la mtihani: "Eleza maana ya methali hii." Jibu: jiandae, yaliyompata mwenzako yatakupata. Ni sahihi. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba aliyeitunga alikuwa pia anasema jambo la kawaida kabisa la kinyozi. Nywele ikinywa maji inalainika, wembe unapita bila kupigana nayo. Dakika mbili tatu za maji ya uvuguvugu zinatosha. Basi niliyoyajifunza pale uani nayaandika hapa kama andalio la somo, wewe uyajaribu.

Kwanza, maji. Nyoa ukitoka kuoga. Kama maji hakuna, kikombe kimoja kinatosha: loweka kitaulo kidogo, weka usoni, subiri.

Pili, soma uso wako. Acha ndevu siku mbili, kisha pitisha kidole. Upande unaoteleza ndiko zinakolalia, upande unaokwaruza ndiko zinakotoka. Shingoni huwa zinageuka, nyingine zinalala kushoto, nyingine zinapanda juu. Zangu upande wa kulia zinapanda. Miaka yote nilikuwa nazinyoa kinyume bila kujua.

Tatu, povu. Zungusha brashi iliyolowa juu ya sabuni, halafu usoni kwa mizunguko, mpaka povu liwe zito kama maziwa ya mgando. Brashi inafanya kazi mbili: inapeleka maji kwenye mashina na kuziinua ndevu zilizolala.

Nne, mkono mwepesi. Laza mashine kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, uache uzito wake ufanye kazi. Mivuto mifupi mifupi, ukifuata zinakolalia. Usiivute ngozi ikakaza kama ngoma, maana ukiiachia ile nywele iliyokatwa inazama ndani, na huko ndiko mateso yanakoanzia. Ukitaka kurudia, paka povu upya na upite kwa ubavu. Kinyume, usithubutu kama una vipele.

Tano, suuza kwa maji baridi, kisha pitisha shabu iliyolowa. Shabu hii hii ya sokoni kwa wauza dawa za asili, lile jiwe jeupe kama barafu. Inakaza ngozi na kuzuia damu ndogondogo. Itakuonyesha pia ulipokosea, kwa sababu patawasha.

Vifaa: msimamo wangu

Hapa najua nitabishiwa, hasa na wale wa mashine za nyembe tano. Msimamo wangu ni huu: kwa mwanafunzi mwenye ndevu za kipilipili na bumu la kuhesabu, wembe mmoja kwenye mashine ya chuma unaishinda ile ya nyembe tano.

Hebu tuangalie historia kidogo. Mmarekani King Camp Gillette alianza kuuza mashine yake ya wembe mwembamba wa kubadilisha mwaka 1903. Mwaka huo ziliuzwa mashine 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata, 1904, akapata hataza, na mashine zilizouzwa zikafika kama elfu tisini. Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyozitawanya, maana jeshi la Marekani lilizinunua kwa mamilioni kuwagawia askari wake. Kwa miongo mingi wembe mmoja ukawatosha watu. Mwaka 1971 zikaja mbili kwenye kichwa kimoja, mwaka 1998 tatu, mwaka 2006 tano.

Ule wa nyuma uliongezwa wa nini? Maelezo yanayotolewa ni kwamba wa kwanza unaivuta nywele kidogo na kuikata, wa pili unaikata tena kabla haijarudi, na hivyo inabaki chini ya ngozi. Kwa mwenye nywele zilizonyooka huo ni ulaini. Kwangu mimi ni kile kile nilichokueleza juu: ncha iliyozama. Wapo wanaozitumia na hawapati kitu, siwakatalii. Ngozi hazifanani. Lakini mwenye vipele akiongeza nyembe kutafuta nafuu, naona anaongeza kuni kwenye moto alioukimbia.

Halafu bei. Mashine ya chuma nilinunua Kariakoo mara moja, na nadhani nitamrithisha mtu. Baada ya hapo kinachoisha ni nyembe, na pakiti moja bei yake haifikii sahani ya chipsi mayai. Mimi nabadilisha kila baada ya kunyoa mara tatu au nne. Wembe butu ndio unaokata watu, kwa sababu unakulazimisha kukandamiza.

Anayeanza achague mashine yenye ukingo ulionyooka. Ile yenye meno kama kitana huwa kali zaidi, aiache kwanza. Kuhusu brashi, kwa ndugu zangu Waislamu, ulizeni ni ya nywele gani, maana nyingi za bei nafuu ni za nguruwe. Za nailoni zipo na zinatoa povu vizuri tu. Sabuni iwe ya kunyolea au ya kuogea isiyo kali. Ya mche iachie mashuka. Na wembe uliokwisha usiutupe tu kwenye pipa la hosteli, dada anayekusanya taka anatumia mikono. Tia kwenye kopo la maziwa la zamani, toboa mfuniko kipenyo kidogo, likijaa lizibe.

Na kama vipele vimekithiri? Weka wembe chini kabisa, mashine ya chuma haitakusaidia. Acha ndevu zikue kama mwezi mmoja, nyingi zilizozama zitajitoa zenyewe. Baadaye punguza kwa mashine ya umeme ukiacha kama milimita moja. Ikishindikana, nenda kwa daktari wa ngozi.

Mtoto akililia wembe

Sasa nirudi nyuma ya vile vyoo.

Usiku ule sikulala. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku saba, na hata tone la damu lililokauka kwenye wembe linatosha kuambukiza. Nilijua pia kwamba dawa za kujikinga na VVU baada ya tukio la namna ile zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Kwa hiyo kukaa na aibu yangu siku tatu kungekuwa kosa la pili. Asubuhi nilimfuata mwalimu wa malezi, nikamweleza yote, pamoja na jibu langu kwa yule wa nane. Siku hiyo hiyo wote kumi na mmoja walipelekwa zahanati. Majibu yao ni yao, hayaandikwi hapa.

Mwalimu wa nidhamu alikasirika. "Sisi tulinyolewa kwa kipande cha chupa na tuko hai," akasema. Akamalizia kwa methali: mtoto akililia wembe, mpe.

Msomaji, na mimi nimekua na methali hiyo. Maana yake akijikata atajifunza. Lakini tunaosomea ualimu, tunafundishwa hivyo kweli? Kazi yetu si ndiyo hiyo, mtoto ajifunze bila kila mara kumwaga damu kwanza? Na wale vijana hawakuulilia wembe. Walipewa kwa amri, wakiwa mstarini, mbele ya wasichana waliokuwa wanawacheka.

Jumamosi iliyofuata nilinunua pakiti tatu za nyembe na sabuni mbili, nikaomba ndoo ya maji jikoni. Walikuja tisa. Kila mmoja na wembe wake, kikombe chake. Tulitumia saa nzima, na nusu yake ilikuwa kupitisha vidole mashavuni kutafuta ndevu zinalalia wapi. Yule wa nane alikuja akakaa nyuma. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Akatazama chini, akasema, "Hamna shida, mwalimu." Nilijua ipo.

Mmoja wao shingo yake ilikuwa kama yangu ya zamani. Huyo nilimwombea ruhusa apunguze kwa mashine ya umeme badala ya kunyoa kwa wembe. Mkuu wa shule alikubali, "mpaka mwisho wa muhula." Baada ya hapo sijui, mimi nimeshaondoka.

Hoja yangu ni fupi. Shule zitake unadhifu, sina ugomvi. Lakini sheria iseme "ndevu fupi", isiseme "ngozi tupu", kwa sababu kuna ngozi ambazo utupu huo unazitesa. Wembe usipokezanwe kamwe, hata kwa dakika moja, hata kengele ikiwa inalia. Na kabla hatujamwadhibu kijana kwa kutonyoa, tumuulize kama kuna mtu aliwahi kumwonyesha. Wengi wetu hatukuonyeshwa. Baba yuko kazini mbali, au hayupo, au anaona aibu. Mimi nilibahatika kuwa na babu, tena nikiwa na miaka ishirini, shingo imeshaharibika.

Je, wewe nani alikufundisha?

Nakuacha hapo. Kesho nina semina saa moja asubuhi, na bomba halijatoa maji tangu jana. Kikombe changu kimoja nimeshakificha chini ya kitanda.

Alamsiki.