Florini ya Mirihi ni Chumvi, Sio Unga

Mmeona zile video. Muziki wa sinema, sayari nyekundu inageuka kijani, alafu jamaa wa sauti nzito anasema Mirihi ina florini, tutaigeuza gesi, tupashe sayari nzima joto, tuhamie. Watu wanashangilia kama goli limeingia. Mimi nasema hivi: kemia iko sawa, hesabu ndio tunafichwa.

Tuanze na ukweli. Mirihi ni baridi, wastani wake ni karibu nyuzi 60 chini ya sifuri. Roboti Curiosity, iliyotua kwenye kreta ya Gale mwaka 2012, ilipiga mawe kwa leza ikasoma alama za florini. Hiyo si stori ya vijiweni. Na florini ikishikana na kaboni, haiachilii. Gesi kama C3F8 inaweza kukaa hewani zaidi ya miaka elfu mbili ikifungia joto. Huku Duniani hiyo ni balaa, ndio maana gesi za ukoo huo ziliwekwa kwenye Mkataba wa Kyoto wa 1997. Kule Mirihi tabia ileile ndio inawatamanisha watu. Hadi hapo sina ubishi.

Sasa toa simu, fungua kikokotoo. Mwaka 2005 Margarita Marinova na wenzake, akiwemo Chris McKay wa NASA, walikadiria kwamba C3F8 yenye kanieneo la paskali 0.4 ingeweza kuanzisha joto linalojiongeza lenyewe, bora tu kuwe na kaboni dioksidi ya kutosha iliyoganda. Inakaa kidogo, si ndio? Gawanya 0.4 kwa mvutano wa Mirihi, 3.7. Unapata kama gramu 108 za gesi juu ya kila mita ya mraba. Hata robo ya sukari haifiki. Lakini sayari ina kilomita za mraba milioni 144. Zidisha. Ni zaidi ya tani bilioni 15 za gesi.

Gesi hiyo haitoki hewani. Inataka kama tani bilioni 25 za floraspa, lile jiwe la kalisi na florini. Dunia nzima, na barabara zake, umeme wake na hewa ya kupumua, inachimba karibu tani milioni 10 kwa mwaka. Hiyo ni kama miaka 2,500 ya jasho la dunia nzima. Hii hesabu haitaki digrii. Mimi niliacha chuo na nimeipiga nikiwa kwa matatu.

Ati roboti zitachimba. Sawa, zichimbe wapi? Curiosity ilipata alama, haikupata mgodi. Na ile kaboni dioksidi? Mwaka 2018 Bruce Jakosky na Christopher Edwards walihesabu iliyobaki Mirihi, wakasema tunayoweza kuifikia haitoshi. Mwaka 2024 watafiti wengine wa Marekani wakaja na wazo la kurusha hewani vijiti vidogo sana vya chuma au alumini, wakisema vingepasha joto mara zaidi ya 5,000 kuliko mipango ya gesi. Kwa nini walihamia chuma? Kwa sababu chuma Mirihi kiko kila mahali, ndicho kinaipa wekundu. Florini ni adimu.

Sasa msiniwekee maneno mdomoni. Sisemi florini ya Mirihi ni takataka. Nasema ni chumvi, sio unga. Hakuna mtu anapika ugali wa chumvi, lakini jaribu kula mboga bila hiyo. Florini kidogo iko ndani ya betri ya simu yako, kwenye gesi ya friji, kwenye Teflon, kwenye tanuri za alumini. Watu wakiishi Mirihi, watahitaji hivyo vyote, na kilo moja ya florini iliyopatikana hukohuko itakuwa mali. Kuimwaga angani kupasha jangwa joto ni ujinga.

Na wewe unayesema mambo ya sayari hayatuhusu, tulia. Kerio Valley, pale Kimwarer, kulikuwa na mgodi wa floraspa kwa zaidi ya miaka 40. Familia zilihamishwa miaka ya 1970 na kilio cha fidia kimerithiwa na wajukuu. Jiwe lilisafishwa, likasagwa, likashuka hadi Mombasa, likapanda meli. Asidi ikatengenezwa ng'ambo, na gesi na plastiki zake pia. Sisi tukabaki na mashimo. Hatukukosa florini, tulikosa kiwanda na watu wa kukiendesha.

Hilo ndilo somo ambalo wale wa video hawana. Kuona madini si kuwa na mali. Kati ya jiwe na gesi kuna asidi inayokula kioo, kuna umeme mwingi, kuna wakemia. Anayeruka hiyo sehemu ya stori anakuuzia ndoto, iwe ni ya Mirihi au ya mgodi ulio nyuma ya boma lenu.

Kwa hivyo mtu akikuambia sayari fulani ina madini fulani, usipige makofi bado. Muulize: tani ngapi, nani anachimba, na kiwanda kiko wapi? Akishindwa kujibu hayo matatu, mwambie arudi na kikokotoo.