Acha Kazi Ukafungue Duka? Piga Hesabu Kwanza, Kamanda



Kuna wimbo tunaimbiwa kila kona siku hizi. Kiongozi akipanda jukwaani anasema: vijana, jiajirini. Ukifungua simu unakutana na mhamasishaji kavaa suti anakwambia ajira ni utumwa, andika barua ya kuacha kazi leo, kesho uwe bosi. Na vijana wetu wanasikia. Kijana wa Kiwira aliyeko benki Mbeya, binti wa Ushirika aliyeko kampuni ya simu Dar, wanaanza kuwaza kurudi Tukuyu mjini kufungua duka la vyakula, la nguo au la vifaa vya ujenzi.

Sisemi wasirudi. Tukuyu inawahitaji sana. Ninachosema ni kwamba wanaokuhimiza uache kazi hawakuoneshi hesabu, na wanaokwambia ujiajiri hawakwambii wamekuwekea mitego gani njiani. Leo tuangalie yote mawili.

Tuanze na mfano ambao kila Mtanzania anaujua, hayati Reginald Mengi. Watu wanapenda kusimulia kwamba alikuwa mhasibu akaacha kazi akawa tajiri. Wanaruka sehemu ya katikati, na somo liko hapo hapo. Mengi alikuwa mmoja wa wakubwa wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand hapa nchini. Miaka ya 80, bidhaa zilipokuwa adimu madukani, alianza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Hakuwa ameacha kazi. Mshahara ulikuwa unaingia, kalamu zinauzwa, naye anajifunza biashara pole pole. Alitoka kwenye uhasibu mwaka 1989, wakati biashara zake zilishasimama. Kwa hiyo ukimtaja Mengi kama sababu ya kuandika barua ya kuacha kazi kesho asubuhi, umesoma kitabu ukaruka kurasa.

Somo la kwanza ndilo hilo. Anza ukiwa bado kazini. Weka mzigo mdogo, mwachie ndugu unayemwamini, hesabu kila Jumamosi. Biashara ikishindwa kukulisha ukiwa na mshahara, haitakulisha ukiwa huna.

Somo la pili ni hesabu yenyewe. Tuchukue mfano wa kufikirika. Mshahara wako mkononi ni 900,000 kwa mwezi. Umefungua duka la vyakula Tukuyu mjini, linauza 200,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hiyo ni 5,200,000. Ukiona hela hizo droo ya duka inajaa unajiona tajiri. Subiri. Kwenye sukari, mafuta, sabuni na unga, tuseme faida yako kwa wastani ni asilimia 10. Inabaki 520,000. Toa pango 100,000, kijana wa dukani 120,000, kuleta mzigo kutoka Mbeya 60,000, umeme 30,000. Umebaki na 210,000. Na bado mtu wa kodi hajapita.

Ili ufikie tu ule mshahara ulioacha, kabla ya kodi, duka lako linatakiwa liuze karibu 465,000 kila siku. Zaidi ya mara mbili. Je, mtaa uliochagua una wateja hao? Kama hujakaa pale wiki nzima ukihesabu watu wanaoingia kwenye maduka ya jirani, jibu huna.

Hapo hatujagusa vitu ambavyo ofisi ilikuwa inakulipia kimya kimya: bima ya afya ya familia, likizo, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Mtoto akiugua wiki ya kwanza ya biashara, hospitali inalipwa kutoka kwenye mtaji. Maduka mengi hayafi kwa kukosa wateja. Yanafia kwenye matibabu, ada na misiba.

Somo la tatu: ijue hela ya wateja wako inatoka wapi na inaingia lini. Hapa wenyeji tunamzidi mtu yeyote kutoka nje, tukiamua kufikiri. Hela ya Rungwe inakuja kwa mawimbi. Wakulima wa chai wa Katumba na Mwakaleli wananunua siku malipo ya majani yakitoka. Kiwanda kikichelewesha, duka lako linalala hata kama umelipanga vizuri kama la Dar. Mwenye parachichi anapata donge msimu ukifika, halafu kimya. Mwenye ndizi na maziwa anapata kidogo kidogo mwaka mzima, na huyo ndiye anayelishikilia duka. Walimu na manesi wananunua mshahara ukitoka, na baada ya wiki mbili wanakuja na daftari la mkopo.

Mtu aliyezoea ofisi ana ugonjwa wa kudhani kila mwezi unafanana, kwa sababu mshahara wake ulikuwa unafanana. Kwenye duka hakuna kitu hicho. Ujaze mzigo kabla wimbi halijafika, na upunguze kununua kabla halijaondoka.

Na mawimbi mengine yanatoka mbali kabisa na uwezo wako. Machi 2025 Malawi ilizuia kuingiza mazao kadhaa kutoka kwetu, ndizi zikiwemo. Aprili serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi, kabla ya mambo kulegezwa. Waziri anatangaza akiwa kiyoyozini, mama wa ndizi Kiwira anabaki na mikungu inaiva, na muuza duka wa Tukuyu anashangaa kwa nini sukari haitoki. Ndiyo maana tukisema siasa inaingia dukani kwako hatutanii.

Somo la nne: ukubwa si kinga. Hapa nazungumza na mwenzangu anayetaka kuanza na supamaketi yenye milango ya vioo kwa sababu alikuwa meneja mjini. Uchumi ya Kenya ilikuja Tanzania kwa mbwembwe, Oktoba 2015 ikafunga matawi yake hapa na Uganda. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka 2014, maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Nayo Nakumatt haikudumu. Madeni ya wasambazaji yaliiangusha hadi kwao, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe.

Halafu kuna Jumia, ambayo ndiyo hadithi yenyewe ya watu wa kampuni kubwa walioingia kwenye rejareja. Waliokuwa wakiiongoza, Sacha Poignonnec na Jeremy Hodara, walitoka McKinsey, moja ya kampuni kubwa kabisa za ushauri duniani. Walianza Nigeria mwaka 2012, na Aprili 2019 wakaingia kwenye soko la hisa la New York. Novemba mwaka huo huo wakafunga shughuli zao Tanzania. Walikuwa na elimu, mtaji na majina. Lakini kupeleka mzigo mmoja mmoja nyumbani kwa mteja, kwenye nchi ambayo mitaa mingi haina hata namba za nyumba, ni gharama. Kila mzigo ukiwa na hasara, kuuza mizigo mingi ni kuongeza hasara tu.

Sasa linganisha na wafanyabiashara wa Kikinga kutoka Makete, ambao kila mtu wa Mbeya anawajua. Kijana anaanza kwa kufagia duka la mjomba. Anabeba maboksi, anajifunza bei, anajifunza nani halipi madeni. Baada ya miaka mjomba anampa mzigo wa kuanzia. Hakuna cheti hapo, ila siku anafungua duka lake ameshafanya makosa yote kwa hela ya mwingine. Wewe uliyetoka ofisini usione aibu kukaa miezi mitatu kwenye duka la mtu, hata kama ulikuwa unaitwa meneja. Cheo kinabaki getini na kile kitambulisho ulichokuwa unavaa shingoni.

Ila kuna kitu cha ofisini usikiache: kuandika. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hesabu mzigo kila mwezi, tenga hela ya duka na hela ya nyumbani, jilipe mshahara mdogo unaojulikana. Na shangazi akija kuchukua mafuta, yaandikwe. Kwetu heshima ni kubwa na ni vigumu kumwambia mama mdogo kwamba lita moja ina bei. Basi mpe kutoka kwenye mshahara wako uliojilipa, si kutoka kwenye rafu. Utakuwa umemsaidia na duka litabaki zima.

Hayo ni ya kwetu sisi. Sasa tugeukie upande wa pili, maana haiwezekani kila siku kijana ndiye afundishwe nidhamu na mwenye mamlaka asiulizwe.

Kwanza kodi. Kwa mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, utaratibu wa kawaida ni kutozwa kwa mauzo, si kwa faida. Rudi kwenye mfano wetu. Mauzo ni 5,200,000 kwa mwezi. Tuseme kodi ni asilimia 3 tu. Ni 156,000 kwa mwezi. Tulikuwa tumebaki na 210,000, sasa tuna 54,000. Asilimia 3 inasikika ndogo mpaka uipime kwenye faida, hapo unaona imekula karibu robo tatu. Sheria inaruhusu kuchagua kutozwa kwa hesabu kamili, lakini ni duka gani la Ikuti lenye hela ya kumlipa mhasibu? Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 kwa sababu ya mambo ya kodi na kamatakamata. Wakafunga tena Juni 2024, na safari hiyo mgomo ukasambaa mikoani. Watu wazima hawafungi biashara zao kwa kupenda.

Pili, mtaji. Sheria inataka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa baada ya madudu kuibuliwa, ikarudi 2024. Kwa zaidi ya mwaka kijana aliyefuata utaratibu aliadhibiwa kwa wizi wa vikundi hewa ambavyo si yeye aliyevisajili. Alikwenda wapi? Alikwenda kausha damu. Na riba ya kausha damu mnaijua, duka linakuwa la mkopeshaji, wewe unabaki kijana wa dukani.

Tatu, akiba yako mwenyewe. Umekatwa mshahara miaka minane. Unaacha kazi ukitegemea hela hiyo iwe mtaji. Tangu mabadiliko ya 2018, fao la kujitoa la zamani halipo. Lililopo ni fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, tena ni kwa aliyepoteza kazi, si kwa aliyejiuzulu. Yaani serikali inayokuhimiza ujiajiri ndiyo hiyo hiyo imefungia hela yako siku ukijiajiri. Mimi naelewa pensheni ni ya uzeeni na si busara kuila yote ujanani. Lakini kuna njia ya katikati: sehemu ya michango ya mtu iruhusiwe kuwa dhamana ya mkopo wa benki wenye riba ya kibinadamu. Hilo linahitaji utashi wa kisiasa tu.

Kwa hiyo, kamanda unayetaka kuacha kazi, fanya haya. Weka akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi kumi na miwili, mbali kabisa na mtaji. Endesha duka dogo mwaka mmoja ukiwa bado kazini. Kabla ya kuandika barua, nenda ofisi ya mfuko wako uulize kwa maandishi utapata nini na lini. Nenda TRA uulize makadirio kabla hujalipa pango. Kama hesabu imekataa, baki kazini mwaka mwingine. Hakuna aliyekufa kwa kuchelewa kufungua duka.

Na sisi tuliobaki tuna kazi yetu. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Twende tukasikilize Rungwe na Busokelo zimetenga kiasi gani kwa vijana, kiasi gani kimetoka kweli, na vikundi vilivyopata ni vipi. Kisha tumuulize diwani wetu, kata kwa kata, kwa jina la kikundi. Tukipewa majibu ya mzunguko, tuandike barua, tubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

 Kazi iendelee kudaiwa haki yake.